Deni Letu kwa Wafu Wasio na Jina

Kusafiri ni shule, na mtu asafiriye akarudi nyumbani bila swali lolote moyoni, huyo amepoteza nauli yake bure. Hivi karibuni sisi, pamoja na waumini wachache wa parokia moja ya Mbeya, tulifunga safari kwenda Iringa kutazama mambo ya kale. Tumerudi na swali moja, nalo ndilo tunaloliweka leo mbele ya wasomaji wetu: Je, mtu akiisha kufa, nasi hatulijui jina lake, wala kabila lake, wala dini yake, tungali na deni lolote kwake?

Waijuao barabara ile hawana haja ya kuelezwa. Ukitoka Mbeya wapita Uyole, kisha wateremka Igurusi na Chimala, na nchi tambarare ya Usangu imekunjuka upande wa kushoto kama mkeka. Halafu waanza kupanda tena kuelekea Makambako, wapita misitu mikubwa ya Sao Hill na mji wa Mafinga, hata kufika Iringa juu ya kilima chake. Ni mwendo wa kilomita zaidi ya 300. Tulilala Iringa, na kesho yake tukaitumia siku nzima kwa shughuli iliyotuleta.

Asubuhi tulianza na Isimila, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini. Maji ya mvua yamechimba korongo mahali pale na kuacha nguzo ndefu za udongo, na katika matabaka yake yamepatikana mashoka ya mawe na zana nyingine za watu wa kale sana. Mtaalamu wa Kimarekani, F. Clark Howell, alipachimba mwaka 1957 na 1958, na vipimo vilivyofanywa baadaye vilikadiria umri wake kuwa kiasi cha miaka 260,000. Tuliyatazama mashoka yale kwa furaha tupu. Aliyeyachonga hatumjui, wala hakuna aliyeona vibaya kuyakuta yamepangwa mbele ya watazamaji. Zana hutumika, ikaachwa, ikaokotwa na mwingine; ndiyo desturi ya zana.

Baadaye tuliingia katika Boma la Iringa, jengo la zama za Wajerumani ambalo tangu mwaka 2016 limekuwa nyumba ya makumbusho. Huko nako tulijifunza mengi bila kuona uchungu. Swali letu lilikuwa likitungoja Kalenga.

Kalenga si mbali na mjini, kwa njia iendayo mbuga ya Ruaha. Leo ni kijiji kitulivu, lakini jina lenyewe la Iringa latokana na neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome, na ngome hiyo ilikuwa pale. Alikaa humo Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ambaye watu wake waliliangamiza jeshi la Emil von Zelewski huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Wajerumani walirudi wakiwa na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaiteka Kalenga. Mkwawa aliingia porini akapigana miaka karibu minne, hata tarehe 19 Julai 1898, alipoona amezungukwa na hana njia, akajipiga risasi kuliko kukamatwa. Kiwiliwili chake kilizikwa Mlambalasi. Kichwa kilikatwa, kikachukuliwa.

Sasa katika kijiji hicho kuna nyumba ndogo ya makumbusho, na ndani yake, katika sanduku la kioo, limo fuvu la kichwa cha mwanadamu.

Tulilisogelea kila mtu kwa namna yake. Vijana wawili walikuwa wamekwisha kuinua simu zao wapate kujipiga picha, nyuso zao zikicheka, na fuvu likionekana nyuma ya mabega yao. Kati yetu alikuwamo bibi mmoja mzee, mzaliwa wa Usangu. Yeye aliweka mkoba wake chini, akajitanda kanga kichwani, akafanya ishara ya msalaba, akaanza kusali polepole sala ya kuwaombea marehemu. Kijana mmoja aliona haya, nadhani kwa ajili ya simu yake, akataka kujitetea. Akasema, “Bibi, huyu hakubatizwa. Tena alijiua. Na wataalamu wanasema pengine si Mkwawa hata kidogo.”

Bibi alimaliza kwanza sala yake. Kisha akasema, “Mjukuu wangu, kama ni yeye, wazee wangu walipigana naye wakafukuzwa makwao. Wote wamekufa, yeye na wao, vita vimekwisha. Na kama si yeye, basi huyu ana taabu zaidi, maana naye alikuwa na mama aliyemngoja, na hakuna hata mmoja amwitaye kwa jina lake. Niache nimwombee.”

Hakuna aliyejibu. Vijana walirudisha simu mifukoni. Lakini katika gari, njia nzima ya kurudi, maneno yale hayakutuacha, na hapa twataka kuyapima moja moja, kwa kuwa twaona ndani yake mna mafundisho mazito kuliko yale tuliyoyasoma ukutani.

Kwanza, ni kweli kwamba fuvu lile lina mashaka. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ulioandikwa kumaliza Vita Kuu ya Kwanza, ulikuwa na kifungu, namba 246, kilichoiamuru Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa katika muda wa miezi sita. Halikurudi katika miezi sita, wala katika miaka thelathini. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Sir Edward Twining, alikwenda Bremen, akakuta katika jumba la makumbusho la huko mafuvu kiasi cha 2,000, na 84 kati yake yalikuwa yametoka nchi iliyoitwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Ilitafutwa njia ya kulitambua moja kwa vipimo: mafuvu yalilinganishwa na vichwa vya watu wa ukoo wa Mkwawa walio hai, na mojawapo, lenye tundu lililodhaniwa kuwa la risasi, likachaguliwa. Tarehe 19 Juni 1954 lilikabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Tangu hapo wataalamu kadhaa wamesema kwamba vipimo vile havitoshi kuthibitisha jambo kubwa namna ile.

Sisi si wataalamu wa mifupa, wala hatuandiki ili kuwavunja moyo Wahehe, ambao walimpokea babu yao kwa machozi na kwa heshima. Mtu akimlilia marehemu wake kwa moyo safi, machozi yale hayapotei mbele ya Mungu, hata kama waliomletea sanduku walikosea. Lakini tufuate fikira ya yule bibi hadi mwisho wake. Ikiwa fuvu lile ni la Mkwawa, basi mmoja amerudi nyumbani. Na ikiwa si la Mkwawa, basi mtu fulani, labda askari, labda mkulima, labda mtu aliyefia hospitalini au gerezani, ameketi miaka mingi akipewa heshima ya mfalme. Hata hapo haikupotea kitu! Mwanadamu amepewa heshima. Jambo la kusikitisha si kwamba huenda alipewa heshima asiyestahili. Kwa kuwa aliistahili. Jambo la kusikitisha ni wale wengine 83.

Tuwatafakari hao. Hakuna kifungu cha mkataba kilichowataja. Hakuna gavana aliyepanda meli kwa ajili yao. Walipimwa kama vile mashona nguo apimavyo kitambaa, na walipoonekana kwamba si yule aliyetafutwa, walirudishwa juu ya rafu. Yaani katika siku ile ile ambayo mmoja alikumbukwa kuwa mtu, wenzake walisahauliwa mara ya pili.

Wala hao wa Bremen hawakuwa peke yao. Huko Berlin, daktari Felix von Luschan alikusanya maelfu ya mafuvu kutoka pande zote za dunia, akisaidiwa na maofisa na matabibu waliokuwa katika makoloni. Shabaha ilikuwa kupima vichwa na kupanga mataifa ya watu kwa madaraja. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya mafuvu 1,135 yaliyotoka Afrika Mashariki: 904 yalihusishwa na nchi ambayo leo ni Rwanda, 202 na Tanzania, na 22 na Kenya. Kwa vipimo vya nasaba, fuvu moja lilitambulikana kuwa la mtu aliyeitwa Akida, mshauri wa Mangi Meli wa Old Moshi, Mangi ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1900, na ambaye kichwa chake watu wake wamekitafuta kwa miaka mingi. Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba msamaha kwa yale yaliyotendwa na Wajerumani katika vita vya Maji Maji. Twalishukuru neno lile. Lakini elimu iliyokusanya vichwa vile imekwisha kukataliwa na wenye elimu wenyewe, na vichwa vingi vimebaki, kama mizigo iliyosahaulika stesheni baada ya garimoshi kuondoka.

Hapa msomaji mwenye akili ataweza kutuuliza swali gumu, nasi hatutaki kulikwepa. Atasema, “Ninyi Wakatoliki mwawalaumu wengine, na hali ninyi wenyewe mwaweka mifupa ya watu katika vioo. Je, kichwa cha Mtakatifu Katarina hakionyeshwi hata leo katika kanisa la Mtakatifu Dominiko mjini Siena? Je, desturi yenu ya kale si kuweka mabaki ya mashahidi ndani ya altare?” Ndivyo ilivyo. Basi tofauti yake nini?

Tofauti haimo katika kioo. Imo katika macho ya atazamaye. Anayepiga magoti mbele ya mabaki ya mtakatifu hamtazami mfupa. Anamwita mtu kwa jina lake, anamwomba amwombee, anaamini kwamba mtu huyo yu hai mbele ya Mungu na kwamba mwili huo utafufuka. Mabaki matakatifu Kanisa limekataza yasiuzwe, kwa kuwa mtu si bidhaa. Kinyume chake, aliyepanga mafuvu rafuni alifuta jina akaandika namba. Na twakiri pia, kwa unyenyekevu, kwamba Mkristu aendaye kutazama mabaki ya mtakatifu kama vile atazamaye mchezo wa sarakasi, naye amekwisha kuingia katika kosa lile lile.

Wala tusijidanganye kwamba Kanisa lilikaa mbali na habari hizi. Misheni ya Tosamaganga, jirani kabisa na Kalenga, ilianzishwa na Mapadre Wabenediktini wa Ujerumani mwaka 1897, na hali Mkwawa alikuwa angali porini akiwindwa. Tumepokea Injili kwa mikono ya watu wa taifa lile lile lililokata kichwa kile. Twamshukuru Mungu kwa Injili, na twaona uchungu kwa ajili ya kichwa. Moyo wa Mkristu mtu mzima wapaswa kuyabeba yote mawili.

Kijana wetu alisema kwamba marehemu hakubatizwa na kwamba alijiua. Twajibu kwa ufupi. Kujiua ni kosa zito, na kamwe hatutamfundisha kijana kwamba ni ushujaa. Lakini Katekisimu ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1992 yafundisha kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa waliojiua, kwa maana Mungu anazo njia azijuazo mwenyewe, na Kanisa huwaombea. Hukumu ni ya Mungu. Maziko ni kazi yetu. Mama Kanisa ameiweka kazi ya kuzika wafu katika hesabu ya matendo ya huruma ya mwili, pamoja na kuwalisha wenye njaa na kuwavika walio uchi, wala hakuongeza sharti kwamba maiti awe ndugu, au mwema, au maarufu. Tobiti, alipokuwa uhamishoni Ninawi, aliposikia kwamba maiti ametupwa sokoni, aliacha chakula mezani akaenda kumwondoa, na baada ya jua kutua akamzika, ingawa jambo hilo lilikuwa limekwisha kumhatarishia maisha. Na jina la maiti yule Kitabu hakitutajii.

Wazee wetu wa pwani husema: Maiti haulizwi sanda. Husemwa mara nyingi kwa maana kwamba mnyonge hana la kuchagua. Lakini yafaa tuligeuze neno hili tulitazame upande wa pili. Kwa kuwa maiti haulizwi, ndiyo sababu aliye hai hana budi kujiuliza kwa niaba yake. Aliye hai aweza kukataa, kushitaki, kukimbia, kulia. Aliyekufa amebaki na heshima yetu tu. Tukimnyima hiyo, hana baraza jingine hapa duniani pa kupeleka shauri lake.

Tena tusidhani kwamba dhambi ya kumgeuza mtu kuwa kitu ni dhambi ya Wazungu peke yao. Mbeya yetu imepata kusikia habari za watu waliouawa wakachunwa ngozi kwa ajili ya biashara ya giza. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa katika nchi hii kwa ajili ya viungo vyao, na makaburi yao yamefukuliwa. Daktari aliyepima vichwa kwa rula yake na mganga wa ramli atafutaye utajiri kwa mkono wa mtoto, mmoja amesoma, mwingine hakusoma. Lakini wote wawili wamemtazama mwanadamu wakaona kitu cha kuwafaa. Hapo ndipo walipokutana.

Basi yatupasa nini? Kwa habari ya Kalenga, si juu yetu kutoa amri. Ukoo wa Mkwawa na watu wake ndio wenye neno. Wao waliona vema kumweka mzee wao katika nyumba, juu ya ardhi yake, karibu na makaburi ya watoto wake, na mgeni huheshimu utaratibu wa mwenye nyumba. Twaomba tu kwamba kila aingiaye pale aingie kama aingiavyo penye msiba. Wazazi na waalimu wapelekao watoto wawafundishe jambo hili kabla ya kufika mlangoni, si baada ya kutoka.

Kwa habari ya wale waliobaki ng’ambo, twasema hivi: wasingoje mpaka majina yao yapatikane. Ni vema kutafuta majina, na kila jina lipatikanalo ni furaha kwa ukoo fulani. Lakini kama heshima itangoja jina, basi walio wengi hawataipata milele, kwa sababu waliokata vichwa hawakujali kuandika. Serikali zetu na serikali ya Ujerumani zipatane juu ya mahali na namna ya kuwapumzisha, na wazee wa mila, na mashehe, na mapadre na wachungaji waitwe, kila mmoja aombe kwa njia yake.

Na kwa habari yetu sisi wa nyumbani, deni liko karibu zaidi kuliko Berlin. Wako watu wafao katika miji yetu bila ndugu, wakazikwa na halmashauri, na pengine hapatikani hata mtu mmoja wa kusema amina. Jumuiya ndogondogo za Kikristu zaweza kuuliza habari zao. Watu watatu tu wakisimama kaburini na rozari mkononi, maiti yule hatakuwa amekwenda kama mzigo. Mwezi wa Novemba, ambao Kanisa limeuweka kwa ajili ya kuwakumbuka marehemu, kila familia huandika majina ya watu wake kwa ajili ya Misa. Twashauri kwamba chini ya orodha hiyo uachwe mstari mmoja mtupu, kwa ajili ya yule ambaye hakuna ajuaye kumwandika.

Tuliporudi, jua lilikuwa likitua juu ya Usangu. Vijana walimwuliza yule bibi habari za vita vya zamani, jinsi Wasangu wa Merere walivyohamishwa na Wahehe wakaenda kujenga ngome Utengule, na jinsi walivyorudi kwao baadaye pamoja na Wajerumani. Aliwasimulia yote aliyoyasikia kwa wazee wake, wala hakuficha mabaya ya upande wowote. Alipomaliza, alitoa rozari yake mkobani akaomba tusali fungu moja kwa ajili ya marehemu wa Kalenga, awe nani awaye. Tukasali wote, na kijana wa simu ndiye aliyeongoza.

Mungu, ayajuaye majina yote, awape pumziko la amani.